Mafindofindo ya Mtoto na Mlango wa Moyo

Mwalimu ndiye aliyelalamika kwanza. Binti wa darasa la tano, mwenye mwandiko uliokuwa ukisifiwa, alianza kuandika kama anayeandika ndani ya daladala. Kalamu ilimponyoka, kikombe cha uji kikamwagika, mikono ikajirusha bila kuamriwa. Shuleni alichapwa kwa utundu. Nyumbani wengine walishaanza kunong'ona habari za mashetani. Alipoletwa kliniki, swali letu la kwanza lilimshangaza mama yake: miezi michache iliyopita, mtoto aliumwa koo?

"Koo, daktari? Mbona hilo lilishapona zamani."

Lilipona kweli. Shida ilikuja baada ya kupona.

Ugonjwa wenyewe huanza kwa homa ya rumatiki, na ukiacha alama moyoni huitwa ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Wengi huuita baridi yabisi, na jina hilo limeponza watu: wanadhani unatokana na baridi ya usiku au kulala sakafuni. Baridi haihusiki. Duniani wanakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 40 wanaoishi nao, na kila mwaka unaua karibu watu 300,000. Katika nchi tajiri umebaki zaidi katika historia, isipokuwa kwa jamii za wenyeji asilia wa Australia na New Zealand. Kwetu Afrika bado unajaza wodi. Utafiti mkubwa uitwao REMEDY, uliotoa matokeo yake ya kwanza mwaka 2015, ulifuatilia wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen. Umri wa kati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 28, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Huu si ugonjwa wa wazee wenye vitambi.

Tuanzie kooni. Bakteria anayehusika huitwa streptokoka wa kundi A. Rebecca Lancefield, mwanasayansi wa Marekani, ndiye aliyewapanga bakteria hawa kwa makundi mwaka 1933, na akaendelea kwa miaka mingi kuchunguza kitu kimoja kilichotokeza juu ya ngozi yao kama manyoya: protini aliyoiita M. Manyoya hayo ndiyo yanayomwezesha bakteria kuzikwepa seli nyeupe za damu. Ndiyo pia yanayotuletea balaa, kwa sababu sehemu ya umbo lake inafanana na protini zilizomo katika moyo wa binadamu, hasa mayosini ya misuli.

Wanaokumbuka sungusungu wataelewa upesi. Kijiji kimeibiwa, walinzi wameambiwa mwizi amevaa shati la kaki. Mwizi anakamatwa usiku ule ule. Lakini tangazo la shati la kaki halikufutwa, na walinzi wanaendelea kuzunguka. Wiki mbili baadaye wanamkuta mtu asiye na hatia kwake, na shati lake ni la kaki. Kingamwili na seli T, walinzi wa mwili waliofundishwa kumtambua bakteria, hufanya kosa hilo hilo wiki 2 hadi 4 baada ya koo kupona. Ndiyo maana tukipima koo la mtoto wakati huo, mara nyingi bakteria hatumkuti tena.

Walinzi hao wakifika kwenye maungo, goti huvimba leo, kesho likapoa na kifundo cha mguu kikashika zamu. Wakifika kwenye ubongo, mikono hucheza kama ya binti yule. Hilo huchelewa zaidi, hata miezi kadhaa. Vyote viwili hupita. Moyoni ndipo penye deni lisilolipika.

Moyo una milango 4, tunayoiita valvu. Unaoumia zaidi ni ule wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini. Ukiwa mzima, vipande vyake viwili ni vyembamba kiasi kwamba mwanga hupenya, na karibu havina mishipa ya damu ndani yake. Kingamwili huanza kwa kunasa kwenye utando wa seli unaoufunika mlango. Utando ukishachokozwa, hubandika juu yake protini za kunatisha, na seli T zinazopita na damu hukwama hapo, zikapenyeza ndani. Uvimbe hufuata, mishipa mipya ya damu huota mahali isipotakiwa, kisha kovu. Kila homa inayorudi huongeza kovu juu ya kovu. Nyuzi zinazouzuia mlango usipinduke hufupika na kushikana.

Kwa mtoto, mlango ulioharibika kwanza huvuja: damu inayopaswa kwenda mbele hurudi nyuma. Miaka inavyokwenda, kingo hugandana na tundu hubana, hadi mlango ukitazamwa kwa juu unafanana na mdomo wa samaki. Wengi wa wanawake tunaowapokea hawakuwahi kujua kuwa wana tatizo hadi walipobeba mimba. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na mlango uliokuwa ukijikongoja na damu ya kawaida hushindwa. Mama anaamka usiku akihema, anaambiwa ni kawaida ya mimba.

Mapigo yakishavurugika damu huganda ndani ya moyo, na bonge likikimbilia kichwani huleta kiharusi. Hapo dawa yetu ya kuzuia damu kuganda bado ni warfarini ya zamani, yenye usumbufu wa kupima damu mara kwa mara. Mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, uliilinganisha na dawa mpya isiyohitaji vipimo hivyo, na wengi wetu tulitarajia mpya ishinde. Haikushinda. Waliotumia dawa za jamii ya warfarini walikufa wachache zaidi. Nawaambia wagonjwa wangu jambo hili kila wanapoletewa habari za "dawa ya kisasa" na ndugu aliyeko ughaibuni.

Lakini kufika kwenye warfarini ni kuchelewa. Nafasi nzuri iko mwanzoni, na ni rahisi mno kiasi cha kudharauliwa. Makoo mengi yanayouma husababishwa na virusi na hayahitaji dawa ya bakteria. Koo la kutilia shaka ni la mtoto wa miaka 5 hadi 15 aliyeanza ghafla, mwenye homa, tezi zilizovimba chini ya taya, mafindofindo mekundu au yenye usaha, na asiyekuwa na kikohozi wala mafua. Huyo apelekwe kituo cha afya. Penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inazuia homa ya rumatiki. Siku 9 ni nyingi. Zinatosha kungoja mshahara, zinatosha kungoja baba arudi safari.

Kukata kimeo hakusaidii. Bakteria hakai kwenye kimeo peke yake. Yuko kwenye mafindofindo na ukuta wa koo, na kidonda cha wembe humpa njia nyingine ya kuingilia. Nimeona watoto waliokatwa kimeo wakaletwa na damu isiyokatika.

Vipi kuhusu watoto ambao homa ilishapita na hakuna aliyejua? Hapo stetoskopu hutuangusha. Nchini Msumbiji, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wanafunzi 2,170 walichunguzwa. Kwa kusikiliza kifua, waliothibitika kuwa wagonjwa walikuwa 5. Kwa kipimo cha eko, yaani mawimbi ya sauti yanayochora moyo kwenye skrini, walifika 66. Tofauti hiyo ilibadilisha fikra za madaktari wa moyo kote duniani, ila ikazua swali: mtoto asiyeumwa chochote, mwenye mlango unaovuja kidogo tu kwenye picha, tumfanyie nini?

Jibu lilitoka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Kuanzia mwaka 2018 watoto zaidi ya 100,000 wa miaka 5 hadi 17 walipimwa kwa eko. Waliokutwa na ugonjwa uliojificha na kuingizwa kwenye utafiti walikuwa 818. Nusu yao walichomwa sindano ya benzathini penisilini kila wiki 4, nusu wakafuatiliwa bila sindano. Baada ya miaka 2 picha zao ziliamuliwa na jopo la wataalamu ambao hawakujua mtoto yupi alikuwa kundi lipi. Wasiochomwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 33. Waliochomwa, ni 3 tu. Na sindano yenyewe ni dawa ya tangu miaka ya 1950.

Sasa ugumu umehamia kwingine. Mashine ya eko imekuwa ndogo, kuna za kushika mkononi zinazochomekwa kwenye simu, na muuguzi anaweza kufundishwa kuitumia. Anapaka jeli kifuani, anaweka kifaa chini ya titi la kushoto, na damu inayokuja kuelekea kifaa hupakwa nyekundu, inayokwenda mbali bluu. Mlango unaovuja huonekana kama ulimi wa rangi zilizochanganyika ukirudi nyuma kwenye chumba cha juu. Kwa mtoto wa kilo 30 au zaidi, ulimi wa sentimita 2 unatia shaka. Kwa mwepesi zaidi, sentimita 1.5. Ila uamuzi wa mwisho unataka jicho lililozoea, na macho hayo yako mijini. Basi picha lazima isafiri.

Wazo la kusafirisha moyo kwa waya si geni. Mwaka 1905, mjini Leiden nchini Uholanzi, Willem Einthoven alikuwa na mashine ya kupima umeme wa moyo iliyokuwa kubwa na nzito, isiyoweza kumfuata mgonjwa wodini. Akaunganisha hospitali na maabara yake kwa waya wa simu, umbali wa kilomita 1.5. Mgonjwa alibaki hospitalini, moyo wake ukachorwa maabara. Mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kipimo hicho.

Leo waya wetu ni mtandao, nao una tabia zake ambazo mhudumu wa afya anafaa kuzijua. Faili ya video ya eko haisafiri nzima. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, kila kimoja kama baiti 1,500, chenye namba yake na anwani ya kinakokwenda. Video ya megabaiti 3 ni kama pakiti 2,000. Moja yaweza kupita njia hii, nyingine njia ile, zikafika bila mpangilio. Kompyuta ya upande wa pili huzipanga kwa namba, na ikikuta pengo, kipande kilichopotea hutumwa tena. Kwa hiyo mtandao unaposumbua, faili huchelewa lakini hufika kamili. Hakuna pikseli ya mlango wa moyo inayochakaa njiani.

Simu ya video ya moja kwa moja ni habari nyingine. Yenyewe haiwezi kungoja. Pakiti ikipotea, inarukwa, na picha inaganda au kuruka. Mpigo mmoja wa mtoto husukuma damu kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Video inayoleta picha 10 kwa sekunde itauona mpigo huo mara 3, na ulimi wa damu unaweza kupita katikati ya picha mbili bila kuonekana. Ndiyo maana sisi tunapendelea rekodi itumwe, hata kama itafika baada ya chai ya saa nne. Kwenye laini ya megabiti 1 kwa sekunde, video ile ya megabaiti 3 hufika kwa sekunde kama 24, maana baiti moja ni biti 8. Haihitajiki intaneti ya ajabu. Tangu SEACOM, mkongo wa intaneti wa chini ya bahari, ulipotua Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, shida ya pwani yetu haijawa kasi. Ni kipande cha mwisho, kutoka mnara hadi zahanati, na umeme wa kuchaji kifaa.

Na tafadhali, wenzangu wauguzi: msirekodi skrini kwa simu nyingine kisha mkatuma kwenye magrupu ya WhatsApp. Programu huibana video ili kuokoa bando, na kinachotupwa kwanza ni yale mabadiliko madogo ya rangi tunayoyatafuta. Pia jina la mtoto huwa limeandikwa pale juu ya skrini, na grupu lina watu 200.

Mtoto akithibitika, safari ndefu inaanza. Sindano huendelea kwa miaka 10 au hadi afikishe miaka 21, lolote litakalochelewa. Mlango ukiwa umeharibika sana, huenda zikaendelea hadi afikishe umri wa miaka 40. Inauma, hatufichi. Dawa ni nzito kama maziwa mazito na huziba sindano. Muuguzi anayejua kazi yake huipasha chupa kwa kuiviringisha viganjani, akauliza kama inafaa kuchanganywa na dawa ya ganzi, akachoma polepole huku mtoto amelala, si amesimama. Mwenye moyo uliokwisha kuchoka sana tunamfikiria kwanza vidonge, kwa sababu mshtuko wa maumivu wenyewe unaweza kumwangusha.

Binti wa darasa la tano alikuja tena wiki nne baadaye. Mikono ilikuwa imeanza kutulia. Mama yake alitoa kadi ya kliniki kwenye mkoba, akaomba tarehe ijayo iandikwe kwa wino, maana ya penseli ilifutika.