Kirusi, virusi na kompyuta iliyojaa vumbi

Kirusi cha kompyuta ni programu inayojinakili kwa kujipachika ndani ya programu nyingine, ili hiyo nyingine ikifunguliwa, chenyewe nacho kiamke na kujinakili tena. Basi. Ningeweza kuishia hapo, kama juzi nisingesikia kwa mara ya sijui ngapi kwamba kompyuta fulani "ina virusi".

Kompyuta yenyewe ni ya mama mmoja jirani mwenye steshenari. Anatoa kopi, anachapa barua, anaprinti fomu za vijana wanaoomba vyuo. Ikiwashwa asubuhi inafanya kazi dakika kumi, kumi na tano, halafu inazima ghafla kama taa. Haitoi onyo, haiandiki chochote.

"Shikamoo mama. Vipi tena?"

"Marahaba mwanangu. Fundi kasema ni virusi."

Fundi alikuwa ameshapiga window, yaani amefuta kila kitu na kuweka Windows upya, akachukua chake akaondoka. Barua za wateja za miaka mitatu zikaenda na maji. Kesho yake, dakika ya kumi na mbili, ikazima tena. Alipopigiwa simu akasema ni virusi sugu.

Nilifungua lile boksi (wengi tunaliita CPU, na hilo nalo nitaligombania siku nyingine). Feni ya prosesa ilikuwa inazunguka kwa kulalamika. Kile kipande cha alumini chenye mapezi kilichokaa chini yake kilikuwa kimefunikwa na vumbi zito kama blanketi la hosteli, na ile pesti inayopitisha joto kati yake na prosesa ilikuwa imekauka kama chokaa. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi, na hilo lisiposaidia mashine hujizima yenyewe ili isiungue. Ndilo lililokuwa linatokea kila asubuhi. Brashi ya rangi, pesti mpya, kazi ikaisha kabla chai haijapoa.

Ninachogombania ni neno. Kilatini *virus* ilikuwa sumu, ute unaodhuru. Warumi hawakuacha wingi wake unaojulikana, ndiyo maana hadi leo wapo Wazungu wanaobishana namna ya kuihesabu. Sisi tulipata tatizo la kinyume. Neno lilipotufikia kupitia Kiingereza lilikuja na *vi-* mbele, na mtu wa Kiswahili akisikia *vi-* anajua kuna *ki-* mahali fulani. Basi tukakitafuta na tukakipata: kirusi kimoja, virusi viwili. Ni kazi ileile tuliyoifanya kwa kitabu cha Waarabu, ambacho *ki-* yake haikuwa kiambishi hata kidogo, na tukairudia kwenye kipilefti, ambacho wingi wake ni vipilefti na hakuna anayeshtuka. Mimi naona ni ufundi wa lugha. Gharama yake ni ndogo tu, kwamba mdudu huyo amegongana jina na lugha ya Warusi. Na kwa bahati, mmoja wa watu wa kwanza kuonyesha kwamba kinachosababisha ugonjwa wa majani ya tumbaku hupenya hata kwenye chujio linalozuia bakteria alikuwa Mrusi, Dmitri Ivanovsky, mwaka 1892.

Kwenye kompyuta neno lilifika baadaye sana. Mwaka 1983 Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani, alionyesha programu iliyojipachika ndani ya programu nyingine na kuenea kwenye mashine nzima. Aliyependekeza iitwe virusi ni mwalimu wake, Leonard Adleman. Hakulitoa hewani. Virusi vya mwili haviwezi kuzaliana vyenyewe, lazima viingie kwenye seli na kuifanya ivifanyie kazi. Kitu cha Cohen nacho kilihitaji programu ya mwenzake ili kiishi. Yaani jina lilichaguliwa kwa tabia moja mahususi: kujipachika na kujinakili. Mtu asipoiona tabia hiyo hana haki ya kulitumia jina.

Hapo ndipo tunapokosea. Kirusi ni jina la chanzo, sisi tunalifanya jina la dalili. Kompyuta ikiwa nzito ni virusi, ikijizima ni virusi, kioo kikiwa cheusi ni virusi. Na ajabu ni kwamba upande wa afya somo hili tumelimaliza zamani. Hata mtoto wa shule ya msingi anajua VVU si UKIMWI, kimoja ndicho kinachosababisha kingine. Tumeambiwa pia hadi tukachoka kwamba si kila homa ni malaria, tukapime kwanza kabla ya kumeza dawa. Fundi wa window ni yule muuza duka la dawa wa zamani aliyekuwa anampa dawa ya malaria kila anayetetemeka.

Kisa kinachonichekesha zaidi ni cha tarehe. Mashine ya zamani inazimwa jioni, umeme unachomolewa ukutani, asubuhi ikiwashwa inasema ni mwaka 2009. Mwenyewe haangalii saa. Anafungua intaneti, na karibu kila tovuti haifunguki, kompyuta inamwambia muunganisho si salama. Neno "si salama" likitokea kwenye kioo, ofisi nzima inapiga kelele: virusi! Kumbe ni betri. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna betri bapa kama sarafu, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa wakati umeme haupo. Ikiisha, saa inarudi mwanzo. Tovuti nazo hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoamini iko 2009 inaona vyeti vyote ni vya siku ambazo hazijafika. Inafanya vizuri kuvikataa. Betri hiyo bei yake haifiki hata robo ya gharama ya kupiga window, na kupiga window hakuiongezei chaji.

Kupima si kazi ngumu. Kirusi ni programu, na programu haifanyi kitu mpaka ipakiwe na kuendeshwa. Ukiwasha mashine ukaingia kwenye ukurasa wa mipangilio kabla Windows haijaanza, ukaiacha hapo nusu saa, nayo ikazima hapohapo, basi cha kulaumu ni joto, umeme au kifaa, maana hakuna chochote kilichosomwa kutoka kwenye diski. Ikiwa inapiga milio na haionyeshi picha kabisa, chomoa memori, isugue meno yake taratibu kwa raba ya penseli, irudishe. Ukiwasha kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na tatizo likaendelea, Windows haihusiki. Tatizo likitoweka, sasa ndiyo tuanze kuzungumzia programu, na hata hapo programu iliyoandikwa vibaya au draiva isiyo yake (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa fulani) huja kwanza kwenye orodha yangu kabla ya kirusi.

Najua kuna mjuaji atakayenikumbusha CIH, kile kirusi cha Taiwan ambacho tarehe 26 Aprili 1999 kiliamka na kufuta hadi BIOS za watu, ile programu ya kuwashia iliyo kwenye ubao mkuu, mashine zikashindwa kuwaka kabisa. Ni kweli, na nimekitaja ili aridhike. Kuna pia programu hasidi zinazochimba sarafu za mtandaoni kimyakimya, zinaitesa prosesa mpaka feni inalia. Hizo zinaleta joto kweli. Ila zikishaondolewa joto linashuka, na ya mama ilizima hata baada ya diski kufutwa yote.

Sisemi virusi havipo. Yule kijana anayeleta flashi yenye mafolda yaliyogeuka njia za mkato, ukibofya unaambiwa hakuna kitu, huyo anacho. Mafaili yake yapo, yamefichwa tu, na yanarudishwa kwa amri ya *attrib* bila kufomati chochote. (Ukitaka ukali wa istilahi, wengi wa hao ni minyoo, si virusi, kwa sababu hawajipachiki kwenye programu ya mtu. Wanasafiri wenyewe. Lakini hapo sigombani na mtu, nisije nikakosa marafiki.)

Kwa hiyo ukimpelekea fundi mashine, usimpe jina la ugonjwa. Mweleze ulichokiona: inazima baada ya dakika ngapi, ilianza lini, inalia au hailii, saa yake inasemaje. Naye akikujibu "virusi" kabla hajaigusa, muulize kwa upole amekiona wapi na kinaitwaje, kwa sababu antivairasi ikikamata kirusi hukitaja kwa jina.

Mama alinipigia wiki iliyopita. "Mwanangu, kile kirusi kimerudi." Nilifurahi kuona umoja ameupata. Nikamwambia ni vumbi, mama, boksi liko sakafuni mlangoni pale, linyanyue uliweke juu ya stuli, nitapita jioni na brashi.