Gogo Bovu la Mtoni Si Takataka

Tangu kampeni ya usafi wa mito ianze hapa Kakamega, vikundi vya vijana vimefanya kazi ya kusifiwa. Plastiki na nguo kuukuu zimetolewa mto Isiukhu kwa magunia. Lakini malalamiko tunayopokea sasa ni mengine: ukingo umefyekwa ukabaki udongo mtupu, na magogo yaliyooza yamevutwa nchi kavu yakawa kuni. Huo si usafi.

Katika gogo kama hilo ndimo anamotaga kereng'ende mwembamba ambaye wataalamu humwita Platycypha caligata. Dume ana tumbo la buluu, na miguu yake imepanuka kama kasia ndogo, upande mmoja mweupe, wa pili mwekundu. Jike akifika, dume huelea hewani mbele yake akiitikisa miguu hiyo. Wakishapandana, jike hutoboa mti uliolainika kwa maji na kutia mayai humo. Lava, yaani mtoto wa kereng'ende, huishi majini na hupumua kwa matamvua yaliyo mkiani. Mvua ikiteremsha tope kutoka shamba lisilo na ukingo, hao ndio huumia kwanza.

Tunaulizwa kama wadudu hawa huuma watoto. Hawaumi, wanakula mbu. Wengine wakiwaona husema maji ni salama, wakanywa. Tumeeleza mara nyingi: kereng'ende hapimi vijidudu vya kipindupindu. Chemsha maji.

Kuhusu sheria. Hati ya shamba haikupi ruhusa ya kulima hadi majini. Ukanda wa hifadhi ni mita 6 hadi 30 kila upande, kulingana na upana wa mto, na hupimwa na afisa, si kwa hatua zako. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Mazingira ya 1999 kinakataza kujenga, kuchimba, kukausha au kugeuza mkondo bila idhini ya maandishi ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, nayo hutanguliwa na tathmini ya athari kwa mazingira. Ruhusa ya chifu kwa mdomo si idhini. Kuteka maji kwa pampu ya umwagiliaji kuna kibali chake, kinachotolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Pale ambapo sheria hiyo ya mazingira haikutaja adhabu mahususi, kifungu cha 144 kinaweka faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili.

Vikundi vinavyopanga kusafisha vimwone kwanza afisa wa mazingira wa wadi. Ondoeni plastiki. Gogo na kichaka kinachotia maji kivuli, viacheni.