Kikagua dalili ni nini, na kwa nini neno "homa" hukichanganya

Kikagua dalili ni programu ya simu au ukurasa wa intaneti unaokuuliza unavyojisikia, kisha unakutajia magonjwa yanayolingana na majibu yako. Vingi pia hukushauri la kufanya: upumzike nyumbani, umwone daktari baada ya siku chache, au ukimbie hospitali sasa hivi.

Kina undugu na kikagua tahajia, kwani vyote viwili hushughulika na ulichoandika tu. Ndani yake mna magonjwa, dalili za kila moja, na makadirio ya jinsi ugonjwa huo ulivyo wa kawaida kwa mtu wa umri wako na mahali ulipo. Kila unapojibu, magonjwa fulani hupanda na mengine hushuka. Damu haipimwi, wala tumbo halibonyezwi.

Sasa andika "homa". Kenya, mwenye kamasi na koo linalowasha husema ana homa. Aliyechemka mwili usiku kucha naye ana homa. Na homa ya matumbo ni taifodi. Muuguzi wa Kisumu akilisikia neno hilo atakuuliza: ya kupiga chafya ama ya kutetemeka? Ukiwa peke yako na simu, ni wewe unayechagua neno, na ukichagua "mafua" umeshakielekeza chombo njia nyingine.

Mahali pia hupotosha. Chukua mkazi wa Free Area, Nakuru, aliyekwenda matanga Bondo akalala huko siku nne bila neti. Wiki mbili baadaye kichwa kinamgonga na viungo vinauma. Kikagua kinaona yuko Nakuru, mji wa nyanda za juu ambako malaria ni chache kuliko kandokando ya Ziwa Victoria, iliko Bondo. Kisipouliza habari za safari, malaria inaweza kutajwa mwisho, au isitajwe kabisa. Ilhali malaria huchukua kwa kawaida siku 10 hadi 15 tangu mbu akuume mpaka uugue, kwa hiyo safari ile ndiyo habari kubwa kuliko zote.

Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walijaribu vikagua 23 kwa visa 45 vya wagonjwa. Ugonjwa sahihi ulitajwa wa kwanza katika asilimia 34 ya majaribio, na ushauri wa mahali pa kwenda ulikuwa sawa katika asilimia 57. Vimebadilika tangu hapo, lakini mimi bado naviona vinafaa zaidi kukusaidia kupanga maneno kabla ya kumwona daktari: ilianza lini, inakuja saa ngapi, umemeza nini.

Kuhusu malaria hasa, Shirika la Afya Duniani limesisitiza tangu 2010 kwamba mtu apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo cha haraka hutaka tone la damu ya kidole na dakika 15 hadi 20, muda ambao wengine humaliza wakisogeza kurasa kitandani.

Mtoto aliyepata degedege, asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu au aliyelegea hadi haamki, hana haja ya kikagua chochote. Funga simu, tafuta boda.