Tonge likianza kukwama kifuani, usihamie kwenye uji

Wagonjwa wengi wa kansa ya umio tunaowapokea huku Mtwara na Lindi wanafika wakiwa wanaishi kwa uji na maji tu. Ukikaa nao vizuri, ukamuuliza na mtoto aliyemsindikiza, unakuta shida ilianza miezi mingi nyuma, ugali wa muhogo ulikuwa unasimama kifuani mzee akawa anausukuma na maji, baadae akaacha ugali akala wali laini, wali nao ukagoma ndo akaenda kwenye uji. Hapo katikati ameshakatwa kimeo, ameshameza dawa za vidonda vya tumbo, na kuna walioambiwa wamelishwa kitu usiku wakiwa wamelala. Muda wote huo uvimbe unakua. Inauma sana kuona hivi.

Umio ndo njia ya chakula toka kooni mpaka tumboni, kwa mtu mzima ni kama sentimita 25 hivi. Ni msuli unaotanuka, kwahiyo uvimbe ukiwa mdogo chakula kinapita tu na wewe husikii kitu, mpaka tonge lianze kukwama ujue njia imeshabana sana. Halafu umio hauna ile ngozi ya nje ambayo utumbo unayo, ndo maana kansa yake haichelewi kuvuka kwenda kwenye njia ya hewa na tezi za jirani. Dalili nyingine ni kukonda, sauti kukauka, kukohoa ukinywa maji, au kutapika chakula kilekile hata hakijasagika.

Tanzania ipo kwenye ukanda wa mashariki mwa Afrika, toka Ethiopia kushuka mpaka Afrika Kusini, ambao kansa hii ipo kwa wingi. Tumbaku inachangia, na hapa nawasema pia bibi zetu wa ugoro, sio wavuta sigara peke yao. Pombe nayo, iwe bia ya dukani au gongo na uraka msimu wa mabibo, na anayechanganya pombe na tumbaku hatari yake inapanda zaidi. Chai ya moto sana pia, mwaka 2016 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya zaidi ya nyuzi joto 65 za Selsiasi huenda vinasababisha kansa hii, kwahiyo chai ikitoka jikoni iache ipoe kidogo kwanza.

Kipimo chenyewe watu wanakiogopa bure. Unalala bila kula, asubuhi unapuliziwa dawa ya ganzi kooni, unapitishwa mpira mwembamba wenye kamera, daktari anaangalia na kunyofoa kinyama kidogo cha kupeleka maabara. Ni dakika chache. Kansa ikikutwa mapema tunaongelea kuponya, kwa upasuaji, au mionzi na dawa, mionzi inapatikana hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar. Ikichelewa mara nyingi tunabaki kuweka kibomba ndani ya umio mgonjwa aweze kumeza.

Na ukifika zahanati usiseme tu "kifua kinabana", utapewa dawa ya gesi urudi nyumbani. Sema chakula kinakwama, taja ni chakula gani, tangu lini, na kama nguo zimeanza kukupwaya, halafu omba rufaa ya kipimo cha kamera.