"Sina kesi bado": dhana potofu kuhusu msaada wa kisheria wa bure

Katika kazi yangu ya kutoa msaada wa kisheria, maneno yaliyonichosha kuliko yote ni haya: "Wakili, sikuja mapema kwa sababu sikuwa na kesi." Aliyeyatamka mara ya mwisho ni baba wa watoto wanne aliyeachishwa kazi kiwandani. Alitoa kwenye mfuko wa shati barua iliyokunjwa mara nne, akainyoosha mezani kwa kiganja, nami kabla sijasoma sababu za kuachishwa kwake nikatafuta tarehe. Miezi mitano ilikuwa imepita. Muda wote huo alikuwa akienda getini kwa mwajiri, akiambiwa suala lake linashughulikiwa, huku akiamini kwamba ofisi kama yetu ni ya watu waliokwisha kushtaki au kushtakiwa.

Dhana hiyo, kwa maoni yangu, inaziumiza familia za kipato cha chini kuliko hata uchache wa mawakili. Hapa Tanzania Bara, mgogoro wa kuachishwa kazi unapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), chombo cha migogoro ya kikazi, ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kikazi, kama ile ya mishahara isiyolipwa, ndani ya siku 60. Anayechelewa haanzi kwa kueleza alivyoonewa, bali kwa kuomba asamehewe kuchelewa, kwa fomu yake na kiapo chake, na hutakiwa kutoa sababu zinazozifunika siku zote zilizopita. Kusema "nilikuwa namsubiri bosi" mara nyingi hakutoshi. Fomu ya kufungulia mgogoro, CMA F1, tungeweza kuijaza asubuhi moja, laiti angekuja wiki ile aliyopewa barua.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2018), haikuufungia msaada huu ndani ya chumba cha mahakama: elimu ya sheria na ushauri vimo humo sawasawa na uwakilishi. Tena yapo mashauri ya madai ambayo hayawezi kufika mbele ya hakimu kabla ya kupita kwingine. Anayetaka talaka, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, hupaswa kwanza kupitia baraza la usuluhishi la ndoa na kutoka na hati inayothibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Mwenye mgogoro wa ardhi huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 linasuluhisha tu wala haliamui, ndipo aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nimewaona wenye haki kabisa wakirudishwa mlangoni kwa kukosa karatasi moja ya hatua hizo, kisha wakaondoka wakiamini wameshindwa kesi, ilhali hakuna aliyeigusa hoja yao.

Mwendo ni huohuo baada ya hukumu. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30; kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, siku 45. Watu hututafuta dalali wa mahakama anapobisha hodi, yaani hatua ya kukaza hukumu (kuitekeleza kwa nguvu), wakati ambapo siku hizo zimekwisha zamani. Na yuko yule aliyeshauriwa na majirani asiupokee wito, eti asiposaini kesi haitaendelea. Itaendelea, na ikithibitika kwamba alikataa wito, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Kusaini kwamba umepokea karatasi si kukubali kilichoandikwa humo, na ningefurahi kama ushauri huo wa majirani ungekufa leo.

Wengine huwa hawaji kabisa kwa kudhani kwamba lazima mtu awe fukara asiye na chochote. Sheria inamtazama asiye na uwezo wa kumlipa wakili binafsi, na mtu anaweza kuwa na nusu eka ya mihogo na cherehani ya kushonea akawa bado hana uwezo huo. Ofisi nyingi huomba barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji kuthibitisha hali hiyo. Barua hiyo ifuatwe mapema.

Wapo pia wanaomwita kila mtu wa ofisi hizi wakili. Msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa hutoa elimu, humwelekeza mtu kwenye chombo sahihi na humsaidia kufuata taratibu, lakini hawezi kusimama mahakamani kumwakilisha kama wakili. Wala haruhusiwi kumtoza anayemsaidia. Anayedai "hela ya nauli ya faili" anapaswa kuripotiwa kwa Msajili wa watoa huduma hizo, si kubembelezwa.

Kwamba wakili wa bure ni wakili wa daraja la pili ni maneno matupu, kwani daftari la mawakili ni moja na maadili ni yaleyale. Ila nisieleweke vibaya: huduma kuwa bure si ahadi ya ushindi, na anayeshindwa anaweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa pili. Kuhusu ada za mahakama, asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe, na ombi hilo huandaliwa pamoja na shauri lenyewe, si siku ya kwenda kulipia.

Ninalomsihi kila mteja, hata anapocheka, ni hili. Siku unapokabidhiwa karatasi yoyote, iwe barua ya mwajiri, notisi ya mwenye nyumba, wito au nakala ya hukumu, chukua karatasi nyingine, andika tarehe uliyoipokea na jina la aliyekukabidhi, uzibane pamoja. Bahasha yenye muhuri wa posta usiitupe. Barua ya yule baba ilikuwa na tarehe ya kuandikwa tu, na alipoulizwa ilimfikia lini hasa, alijibu kwamba ilikuwa siku ya mvua.