Gitaa Linabadilishwa Amplifaya Ikiwa Inawaka

"Zima mashine kwanza, utaiunguza!" Jumapili, katikati ya sifa, mzee mmoja wa kwaya aliinuka kwenye benchi na kumpigia kelele kijana wa gitaa la solo, ambaye alikuwa anaweka chini gitaa lake la humbucker achukue la single coil (hizo ni aina mbili za pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) kwa pambio linalofuata. Kijana akatii, akazima. Amplifaya yenyewe ni ya valvu, zile taa za kioo zilizo ndani. Kinanda kikaingia, ngoma zikaingia, waimbaji wakaanza, gitaa kimya, kwa kuwa valvu zilikuwa bado zinapata moto. Ubeti mzima ukapita kijana amesimama anaangalia taa nyekundu. Amri hiyo nimeisikia makanisani, kwenye kumbi za harusi na kwenye vyumba vya mazoezi, na safari hii nimeona niandike.

Kuchomoa kebo ya gitaa hakuunguzi amplifaya. Pikapu ya gitaa inatoa sehemu ndogo tu ya volti moja, na tundu la kuingizia kwa kawaida lina ukinzani wa megaomu 1 hivi, kwa hiyo hakuna mkondo wa maana unaopita hapo. Lile "brrrm" linalowatisha watu ni kebo iliyobaki hewani: imegeuka antena, inadaka umeme wa ukumbini wa hezi 50, na ukigusa ncha ya jeki kwa kidole, mwili wako nao unaongeza. Amplifaya inakuza ilicholetewa, basi. Kelele hiyo inaudhi, na sauti ikiwa juu inaumiza masikio, lakini mashine haijaguswa.

Hofu hii ina asili, nami sitaki kuidharau. Ukizunguka nyuma ya amplifaya utakuta tundu jingine linalofanana kabisa na lile la mbele, jeki ileile ya robo inchi. Hilo ni la spika, na hapo mambo ni mengine. Wati 50 kwenye spika ya omu 8 ni volti 20. Amplifaya ya valvu inayopigwa ikikosa spika, nguvu ile haina pa kwenda, volti zinaruka ndani ya transfoma ya kutolea na transfoma inaweza kupasuka insulesheni yake. Ya transista haijali kukosa spika, ila inaogopa kushotiwa, na jeki unapoichomoa au kuichomeka ncha yake inaweza kugusa mahali isipopaswa kwa kitambo kidogo. Kitambo hicho kinatosha kuua transista za kutolea. Kwa hiyo anayesema "zima kabla hujachomoa waya wa spika" yuko sahihi asilimia mia. Tatizo ni kwamba kanuni ya tundu la nyuma imehamishiwa tundu la mbele, na kwa kuwa matundu yanafanana, hakuna aliyeuliza. Matokeo yake nimewakuta vijana wanaozima amplifaya kila wanapobadili gitaa, halafu haohao wanachomoa waya wa spika mashine ikiwa inawaka, kwa sababu "sijagusa gitaa."

Sasa nije kwenye kinachonikera zaidi. Mpiga gitaa mwangalifu anashusha kitufe cha sauti cha gitaa lake mpaka sifuri, anachomoa jeki kwenye gitaa, na ukumbi unatetemeka vilevile. Anashangaa: "Fundi, mbona nimeshusha?" Umeshusha sauti ya gitaa, ndugu yangu. Kitufe kile kikiwa sifuri kinaunganisha ncha ya jeki na ethi, ndiyo maana gitaa liko kimya. Ila ukichomoa, kitufe kinabaki kwenye gitaa na kebo inaondoka peke yake. Tazama nusu inchi ile jeki inapotoka: ncha inaachia kishikio chake, inapita inajikwaruza kwenye bomba la nje la tundu, kra-kra, kisha iko hewani karibu na kidole gumba chako, na upande wa pili bado kuna amplifaya iliyofunguliwa nusu. Ukichomeka gitaa la pili, ncha inatangulia kugusa kabla ethi haijakaa vizuri, na mvumo unarudi. Kitufe cha gitaa hakina lolote la kusaidia hapo.

Kinachosaidia ni kunyamazisha mbele ya kebo, upande wa amplifaya. Mwenye pedali ya kutyuni, kama Boss TU-2 au TU-3, anaikanyaga mara moja: sauti inakatika, anabadili gitaa, anatyuni kimyakimya, anakanyaga tena. Asiye nayo ashushe sauti kwenye amplifaya yenyewe. Na kama kebo inaingia moja kwa moja kwenye amplifaya bila pedali, anza kuchomoa upande wa amplifaya, halafu upande wa gitaa. Ukichomeka, anza na gitaa, umalizie na amplifaya. Sababu ni kwamba matundu mengi ya kuingizia yana swichi ndogo ndani inayofunga njia kwa ethi jeki ikitoka. Ikitoka, amplifaya inanyamaza yenyewe.

Unaporudisha sauti, kumbuka gitaa ulilochukua. Humbucker ina nguvu kuliko single coil, na ukirudisha pale palepale utamfukuza mpiga besi jukwaani.

Magitaa yenye betri ya volti 9, pamoja na yale makavu (akustika) yenye priampu, kikuza sauti kidogo cha ndani, yanatoa kishindo kizito zaidi, kwa sababu jeki ndiyo swichi ya betri. Pedali nyingi zinazotumia betri ni hivyohivyo. Hapo usibahatishe, nyamazisha kwanza.

Kuna mambo mawili ambayo sina jibu safi la kuwapa. La kwanza ni swichi ya standby kwenye amplifaya za valvu. Inakata umeme mkubwa, ule wa volti 400 na zaidi, na kuacha hita za valvu zikiwaka, hivyo gitaa linabadilishwa kimya bila valvu kupoa. Miaka mingi nilifundisha hivyo. Wapo mafundi ninaowaheshimu wanaosema standby ya muda mrefu inachosha valvu kuliko kuiacha ipige kimya, na hoja yao ina mashiko. Siku hizi nasema: dakika mbili za kubadili gitaa hazina neno, ila usiende kula ukaiacha hapo. La pili ni spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 iliyokufa kwa kishindo kimoja cha jeki sijaiona. Twita za mitambo ya ukumbi nimezibadilisha, tena baada ya kishindo kama hicho kupitia mixa ikiwa juu. Hivyo gitaa likipita kwenye mixa, mwambie fundi mitambo akate chaneli kabla hujagusa kitu.

Hatari yenyewe haiko kwenye jeki. Nyuzi za gitaa, kwa magitaa mengi, zimeunganishwa na ethi ya amplifaya. Ukishika nyuzi na midomo ikagusa maiki ya mtambo mwingine, wewe ndiye waya kati ya mitambo miwili. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alifia jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972 kwa maiki isiyokuwa na ethi nzuri. Kabla ya onyesho naweka mita kwenye volti za AC, mkono mmoja wa mita kwenye nyuzi, mwingine kwenye wavu wa maiki. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Mita za dijiti zina udhaifu: zikipima chombo kisicho na ethi zinaweza kusoma volti mia na kitu wakati ni mvujo mdogo tu wa kapasita. Kwa mita peke yake siwezi kutofautisha huo na ule unaoua, kwa hiyo hakuna anayepiga mpaka ethi ipatikane.

Baada ya ibada nilifuata waya wa ile amplifaya mpaka ukutani. Plagi ya miguu miwili, na kwenye tundu la juu la soketi kulikuwa na mfuniko wa kalamu uliosukumwa ndani ili plagi iingie. Waya wa kijani na njano, ambao ndio wa ethi, ulikuwa umekatwa na kufungwa gundi nyeusi. Mzee alikuwa amesimama pembeni. Nikamwita, "Shikamoo mzee, njoo uone," nikamwonyesha ulipokatwa. Hakusema kitu. Aliniletea bisibisi mwenyewe na kunishikia tochi wakati nafunga plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampea 5.