Je, wajua? Anoli habadilishi rangi ili afanane na jani

Mi kwa miaka mingi niliamini kwamba anoli, yule mjusi mdogo wa mitini wa kusini mashariki mwa Marekani, akikaa kwenye jani anakuwa kijani, akihamia kwenye gome anakuwa kahawia ili asionekane. Sio hivyo kabisa. Na tulioamini hivyo tuko wengi, maana Wamarekani wenyewe walimwita kinyonga na zamani walikuwa wanamuuza kwa jina hilo kwenye maonyesho na sarakasi, wakati kinyonga wa kweli ni huyu wetu wa Afrika na Madagaska, anoli yeye ukoo wake uko karibu zaidi na iguana. Ukimfuatilia utamkuta wa kijani kwenye ukuta wa tofali, na wa kahawia katikati ya majani mabichi, wala hajali. Kinachombadilisha ni mwili wake mwenyewe: baridi, hofu, ugomvi. Madume wawili wakipigana, mara nyingi mshindi anabaki kijani na aliyeshindwa anageuka kahawia.

Sasa inatokeaje? Chukulia ngozi yake ni jengo la ghorofa. Juu kabisa kuna seli zenye rangi ya njano, kama vioo vya njano dirishani. Chini yake kuna seli zenye fuwele ndogo sana zinazorudisha mwanga wa bluu. Bluu ikipita kwenye njano, wewe unaona kijani. Huko chini kabisa zinakaa seli za rangi nyeusi, na hizi zina matawi yanayopanda kama ngazi mpaka juu ya zile fuwele. Anoli akishtuka, tezi iliyo chini ya ubongo inamwaga homoni kwenye damu, na chembe nyeusi zinapanda ngazi na kuziba mwanga wa bluu, kijani kinakufa, anakuwa kahawia. Zikishuka, kijani kinarudi. Yote haya ni dakika chache tu.

Lakini kahawia inamfaidia nini hasa? Wengine wanasema inamsaidia kupata joto haraka akiwa juani, ila ushahidi wake ni hafifu, siwezi kuushikilia.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba mwilini mwake hamna hata tone la rangi ya kijani, na ndiyo maana mara chache sana huzaliwa anoli asiye na ile njano ya juu, na huyo anakuwa wa bluu mwili mzima.